Mstari wa kilodaltoni 45: kisa cha protini za jicho la kiinitete cha kuku katika maabara moja ya Kampala

## Usuli

Kisa hiki ni cha maabara ya baiolojia katika chuo kikuu kimoja mjini Kampala. Mwaka, idara na majina vimeondolewa. Wahusika wakuu ni watatu: mwanafunzi wa shahada ya uzamili, msimamizi wake, na fundi wa maabara wa siku nyingi ambaye wote walimwita Mzee. Kazi iliyokuwa mezani ni kufuatilia protini za lenzi na za retina katika kiinitete cha kuku kuanzia siku ya 4 ya kuatamiwa hadi siku ya 18, na kuonyesha kwenye jeli, kipande laini ambamo umeme husukuma protini zikatengana kuwa mistari kulingana na uzito, ni protini ipi inaongezeka, ipi inapungua, na lini.

Lenzi huwa angavu kwa sababu seli zake zimejaa protini ziitwazo kristalini, zilizopangika kwa wingi na kwa ukaribu bila kuganda. Mpangilio huo ukiharibika mapema, mtoto huzaliwa tayari ana mtoto wa jicho. Visa vingine ni vya kurithi, jeni ya kristalini ikiwa na hitilafu. Vingine hutokana na rubela iliyompata mama katika miezi ya kwanza ya ujauzito, wakati lenzi inajengwa. Uganda iliingiza chanjo ya surua na rubela mwaka 2019. Kwa hiyo kujua protini ipi inatokea hatua ipi ni jambo lenye uzito hata nje ya maabara.

Kuku alichaguliwa kwa sababu za wazi. Yai ni rahisi kupata, muda wa kuatamia ni siku 21, na jicho la kiinitete chake ni kubwa mno likilinganishwa na mwili, kiasi kwamba siku ya 6 lenzi inaweza kutolewa kwa koleo ndogo chini ya darubini ya kawaida ya kupasulia. Hatua zake pia zimeelezwa vizuri: jedwali la Hamburger na Hamilton la mwaka 1951 linagawa ukuaji katika hatua 46 kwa kuangalia umbo.

Mambo yenyewe huenda hivi. Kifuko cha jicho kinachochomoza kutoka kwenye ubongo hugusa ngozi ya nje ya kichwa. Pale kilipogusa, ngozi hunenepa, na karibu na saa ya 50 ya kuatamiwa seli hizo huanza kutengeneza delta-kristalini, protini ya lenzi inayopatikana kwa ndege na reptilia. Protini mbili zinazoongoza jeni nyingine, PAX6 na SOX2, hushika kwa pamoja sehemu ya jeni ya delta na kuiwasha. Moja peke yake haitoshi. Kisha ngozi hiyo hubonyea, hujikata na kuwa kifuko cha lenzi. Seli za nyuma hurefuka na kujaza uwazi wa ndani, na beta-kristalini na alfa-kristalini hufuata. Kwa mamalia mpangilio ni tofauti: alfa ndiyo hutangulia, na delta haipo kama protini ya lenzi. Kuanzia siku ya 12 hivi, nyuzi za katikati ya lenzi ya kuku, yaani zile seli zilizorefuka, hupoteza viini na viungo vingine vya seli. Kuanzia hapo haziwezi tena kutengeneza protini mpya, kwa hiyo kilichowekwa humo ndicho kitakachobaki.

Katika lenzi ya kiinitete, delta huwa zaidi ya nusu ya protini yote inayoyeyuka. Kipande chake kimoja kina uzito wa takriban kilodaltoni 48 hadi 50 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa protini), na vinne hushikana kuwa kimoja cha takriban 200. Namba hizi mbili ndizo zilizokuja kuokoa kazi.

## Yaliyotokea

Tatizo la kwanza lilikuwa mayai. Yaliyonunuliwa dukani kwa trei hayakuwa na maana kwa kazi hii, maana kuku wa mayai ya biashara hufugwa bila jogoo. Yakatafutwa kwa mfugaji mwenye jogoo, yakaletwa kwa bodaboda, yakawekwa juu ya meza siku kadhaa yakisubiri zamu ya mashine ya kutotolesha. Mengi hayakukua au yalitoa viinitete vilivyopinda. Sababu ni mbili. Mtikiso wa barabarani huharibu kifuko cha hewa, hivyo yai linatakiwa kutulia usiku mzima, ncha nyembamba ikiwa chini, kabla ya kuingizwa kwenye mashine. Halafu kiinitete huanza kukua polepole joto likipita nyuzi 20 au 21 hivi, na chumba cha kawaida Kampala hupita hapo mchana wote. Yai lililokaa juu ya meza huwa linakua bila kukua sawasawa, na kiinitete huchoka kabla ya kuanza. Kundi lililofuata lilihifadhiwa kwa nyuzi 15 hadi 18, halikuzidi siku 7, na hali ikatengemaa.

Mashine iliwekwa nyuzi 37.5, unyevu asilimia 55 hadi 60, mayai yakigeuzwa mara kadhaa kwa siku.

Siku za kuvuna zilikuwa 4, 6, 8, 10, 12, 15 na 18. Yai lilipasuliwa kwenye bakuli, kiinitete kikachukuliwa kwa kijiko, kikasuuzwa mara moja katika bafa ya fosfeti, jicho likatolewa, na lenzi ikatenganishwa na retina. Kila tishu ilisagwa katika bafa baridi ya Tris milimola 50, pH 7.4, chumvi milimola 150 na EDTA milimola 1, pamoja na PMSF milimola 1 iliyotiwa dakika ile ile ya kusaga. EDTA ina kazi yake, kushika kalsiamu: ikibaki huru, kalsiamu huamsha kalpaini, kimeng'enya kinachokatakata kristalini. PMSF, inayozuia vimeng'enya vingine vya kukata protini, nayo huharibika haraka ndani ya maji, hivyo bafa iliyochanganywa asubuhi haifai kwa kazi ya jioni. Mchanganyiko ulizungushwa kwenye sentrifuji kwa 12,000 g, dakika 15, nyuzi 4. Maji ya juu yakapimwa protini kwa njia ya Bradford kabla ya kutiwa SDS, sabuni inayokunjua protini na kutenganisha vipande vilivyoshikana, kwa sababu SDS huvuruga rangi ya kipimo hicho.

Jeli ya kwanza ilikuwa ya asilimia 12. Kwa mililita 10: maji 3.3, akrilamaidi ya asilimia 30 mililita 4.0, Tris mola 1.5 ya pH 8.8 mililita 2.5, SDS ya asilimia 10 mililita 0.1, APS ya asilimia 10 mililita 0.1, na TEMED mikrolita 4. Sampuli zilichemshwa dakika 5; Kampala iko juu ya mita 1,100 na maji huchemka karibu nyuzi 96, joto linalotosha. Kila njia, yaani safu ya jeli inamopita sampuli moja, ilipakiwa mikrogramu 10 za protini.

Jeli ilipotoka kwenye rangi ya Coomassie ilikuwa safi, mistari imekaa vizuri, na ndipo matatizo yalipoanzia. Mstari mnene ulikaa karibu na kilodaltoni 45 katika njia zote za lenzi, kama ilivyotarajiwa kwa delta. Lakini ulikuwepo pia katika njia zote za retina. Tena katika retina haukupungua kadiri siku zilivyosonga. Siku ya 15 na ya 18 ulikuwa mnene kuliko siku ya 10.

Mwanafunzi alikuwa na maelezo tayari, na hayakuwa ya kubuni. Delta-kristalini ni ndugu wa kimeng'enya cha kawaida cha mwili, ajininosaksineti liesi. Kuku ana jeni mbili za delta, na ile ya pili hufanya kazi kidogo nje ya lenzi, retina ikiwemo. Kwa hiyo alianza kuandika kwamba delta inaongezeka katika retina kuelekea kuanguliwa. Msimamizi alitaka kuagiza kingamwili ya delta kutoka nje ili kuthibitisha. Oda ya namna hiyo hula sehemu kubwa ya fedha za mradi mdogo, na mzigo husafiri kwa ubaridi kwa wiki kadhaa.

Mzee ndiye aliyeishika jeli juu ya taa na kuitazama kwa muda. Kidole chake kilikuwa kwenye njia ya kipimo cha uzito, yaani protini za uzito unaojulikana, siyo kwenye sampuli.

"Mwanangu, mstari wako umelingana mno na huu wa kipimo. Hiki kipimo cha 45 unajua ni protini gani?"

Mwanafunzi alisoma karatasi iliyokuja na kichupa. Ilikuwa ovalibumini, yaani protini kuu ya ute wa yai.

"Basi kesho nipakie na maji uliyosuuzia," Mzee akasema.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusitisha oda ya kingamwili. Msimamizi alikubali kwa hoja nyepesi ya hesabu. Ute wa yai una takriban asilimia 10 ya protini, na zaidi ya nusu ya protini hiyo ni ovalibumini. Mikrolita 1 ya ute, tone ambalo jicho halilioni kwenye ncha ya koleo, hubeba takriban mikrogramu 100 za protini, na kati ya hizo zaidi ya 50 ni ovalibumini. Njia ya jeli inapakiwa mikrogramu 10. Tone hilo moja likibaki kwenye retina ndogo ya siku ya 4, njia nzima itaonyesha ute.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutengeneza jeli ya ulinganisho kabla ya kugusa kiinitete kingine. Njia zake: kipimo cha uzito, ute uliopunguzwa mara 200, kiini cha yai kilichopunguzwa vivyo hivyo, maji ya kusuuzia ya siku ya 6, maji ya amnioni (mfuko unaozunguka kiinitete) ya siku ya 15, retina ya siku ya 15, lenzi ya siku ya 15. Kiini kiliingizwa kwa sababu kina lipovitelini, ambayo kipande chake kidogo chenye takriban kilodaltoni 30 kinaweza kudhaniwa ni beta-kristalini, kwani beta nyingi hukaa kati ya 22 na 35. Fosvitini ya kiini haipokei Coomassie vizuri, kwa hiyo kutouona mstari wake si dalili ya usafi.

Maji ya amnioni yaliongezwa kwa pendekezo la msimamizi, na hapo alilenga penyewe. Kuanzia karibu na siku ya 12, ute huingia ndani ya amnioni, na kiinitete huumeza. Jicho la siku ya 15 huwa linaogelea katika ovalibumini. Ongezeko la mstari katika retina za siku za mwisho lilifuata ratiba hii hii, na mwanafunzi alikuwa amelisoma kama ukuaji wa retina.

Uamuzi wa tatu ulihusu jeli yenyewe. Kwenye jeli fupi ya asilimia 12, 45 na 48 hukaa karibu mno. Wakatengeneza mbili: ya asilimia 10 iliyoendeshwa mpaka kipimo cha 25 kikaribie ukingo wa chini, kwa ajili ya delta, na ya asilimia 15 kwa ajili ya alfa, zenye takriban 20, na beta. Jeli moja isingeweza kutoa majibu yote mawili.

Juu ya hizo wakaongeza jeli ya tatu isiyo na SDS, asilimia 7.5, sampuli zikipakiwa bila kuchemshwa na bila merkaptoethanoli, kemikali ya kukata vifungo vya protini. Hapa ndipo zile namba mbili za delta zilipofanya kazi. Bila SDS, delta hubaki imeshikana vinne, takriban kilodaltoni 200, nayo husafiri polepole. Ovalibumini hubaki moja moja, ina chaji hasi nyingi katika pH 8.8, hukimbia mbele. Protini zilizokuwa zimekaribiana kwenye jeli ya SDS hutengana kabisa, kwa vifaa vile vile na bila gharama ya ziada.

Uamuzi wa nne ulikuwa kubadili upasuaji. Kiinitete kisisuuzwe kwenye bakuli la ute. Kihamishwe mara tatu katika sahani tatu zenye bafa mpya, amnioni iondolewe katika sahani ya kwanza, na koleo zisuuzwe kila zinapovuka kutoka sahani moja kwenda nyingine. Jicho lipasuliwe kwa nyuma, ute mzito wa ndani ya jicho lenyewe (siyo ute wa yai) utolewe, lenzi isukumwe nje na isuuzwe peke yake katika tone la nne. Tone hilo la nne lipakiwe kwenye jeli kila mara. Kwa siku ya 4, lenzi 20 hadi 30 zikusanywe katika kichupa kimoja, ili msagaji asishawishike kuacha kusuuza kwa hofu ya kupoteza sampuli.

## Matokeo

Jeli ya ulinganisho ilimaliza ubishi. Ute, maji ya kusuuzia na maji ya amnioni vilitoa mstari ule ule uliokuwa katika retina. Lenzi ya siku ya 15 kwenye jeli ya asilimia 10 ilitoa mstari juu kidogo ya kipimo cha 45, umetengana nacho. Kwenye jeli isiyo na SDS, lenzi ilionyesha mstari mzito sehemu ya juu. Retina ya zamani ilionyesha mstari wa mbele, sambamba na ute.

Baada ya upasuaji mpya, mstari wa retina ulififia sana katika siku zote. Katika lenzi, delta ilibaki mnene tangu siku ya 4, alfa na beta zikaongezeka kuelekea siku ya 18, na uwiano ukaanza kuonekana kama inavyotarajiwa kwa kuku.

Siku ya 8 ndiyo iliyobaki kuleta tabu. Njia yake ilifanana zaidi na ya siku ya 6 kuliko ya siku ya 10. Daftari la mashine lilionyesha kwamba umeme ulikatika usiku, jenereta haikuwashwa mpaka asubuhi, na mayai yalipoa. Kiinitete cha kuku huvumilia ubaridi wa saa kadhaa, ila ukuaji husimama. Kilichoitwa siku ya 8 kwenye kalenda hakikuwa na umbo la siku ya 8.

Dawa yake ilipatikana kwenye jicho lenyewe. Kuzunguka mboni ya kiinitete cha kuku hutokea vipele vya sklera (sehemu nyeupe ya jicho), ambavyo baadaye huwa duara la mifupa midogo. Katika hatua ya 31 ya jedwali la Hamburger na Hamilton, karibu siku ya 7, huwa 6 hivi. Katika hatua ya 34, siku ya 8, huwa 13 au 14. Vinahesabika kwa darubini ya kupasulia kabla ya kukata jicho. Viinitete vilivyopigwa na ubaridi vilikuwa na vipele vichache na duara halijafunga. Kuanzia hapo kila sampuli iliandikwa kwa hatua, na siku ikawa maelezo ya pembeni. Kwa umri mkubwa, vipele havitofautishi tena. Walipima kidole cha tatu cha mguu, ambacho ni takriban milimita 5.4 katika hatua ya 36 na karibu 15 katika hatua ya 41.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri zaidi kilikuwa kipakio cha bei ya bure: maji ya kusuuzia. Jeli ya SDS hupanga protini kwa uzito, basi. Haina namna ya kusema protini ni ipi, na katika yai la kuku protini iliyo nyingi kuliko zote nje ya kiinitete ina uzito unaokaribiana na protini iliyo nyingi kuliko zote ndani ya lenzi. Anayefanya kazi hii kwa yai bila njia ya ute na njia ya maji ya kusuuzia hana namna ya kujua anaangalia nini, hata jeli iwe nzuri namna gani. Kingamwili peke yake ingechelewesha tu ukweli: ingeonyesha delta hafifu katika retina, kwa sababu ipo kidogo kweli, na mstari mnene wa ovalibumini ungebaki bila maelezo au ungepuuzwa.

Ni haki pia kusema kwamba wazo la mwanafunzi lilikuwa la kielimu. Liliungwa mkono na jambo la kweli kuhusu jeni ya pili ya delta, na ndiyo maana lilikuwa la hatari. Wazo lisilo na msingi lingetiliwa shaka mapema.

Kilichoshindwa zaidi ni uhifadhi. Sampuli zilizosagwa ziliwekwa kwenye friza ya nyuzi hasi 20 katika vichupa vikubwa, na umeme ulipokatika ziliyeyuka na kuganda tena. Katika jeli za baadaye vilionekana vipande vidogo chini ya 20 ambavyo havikuwepo mwanzoni, yaani kristalini zilizokatika. Sampuli hizo hazikuokoleka. Utaratibu uliofuata ni kugawa kila sampuli katika mikrolita 20, na sehemu moja kuchemshwa mara moja ndani ya bafa ya SDS kabla ya kugandishwa. Ikishachemshwa hivyo, vimeng'enya haviwezi tena kuikata, na kukatika kwa umeme hakuiumizi sana. Sehemu ya jeli isiyo na SDS haina njia hiyo ya mkato. Hiyo huendeshwa siku ya kuvuna.

Mashapo ya sentrifuji yalitupwa katika awamu ya kwanza, na hilo liliacha pengo. Katika lenzi ya siku ya 12 na kuendelea, sehemu isiyoyeyuka hubeba protini za utando na za nyuzi za kiunzi cha seli, ikiwemo fakinini yenye takriban kilodaltoni 49, mstari mwingine tena wa jirani na delta. Huyeyushwa kwa urea mola 6 hadi 8, bila kuchemshwa, kwa kuwa urea ikipashwa moto hujibandika kwenye protini na kubadili chaji yake, na protini za utando nazo huganda pamoja na kukwama juu ya jeli. Awamu ya pili ilihifadhi mashapo.

Mstari hafifu uliosalia katika retina ya siku ya 4 na ya 6 haukuandikwa kama delta. Uliandikwa kama mstari wa karibu 48 usiotambuliwa, wenye mwendo tofauti na ute kwenye jeli isiyo na SDS. Kingamwili ikipatikana, sampuli za kuanza nazo ni hizo, zikitanguliwa na njia ya ute na ya tone la nne la kusuuzia, na lenzi ya hatua ile ile ikiwa imepunguzwa vya kutosha ili mwanga wa kingamwili katika njia yake usifunike njia za jirani.